Tulichojifunza kwa Kufunga Wi-Fi Kinyala



Likizo ndefu iliyopita tulitumwa mafrateri wawili kufanya uchungaji wilayani Rungwe, upande wa Kinyala. Aliyewahi kufika huko mwezi Julai anaijua baridi yake. Asubuhi Mlima Rungwe hauonekani kwa ukungu, migomba inadondosha maji ingawa mvua haijanyesha, na soksi ukizifua unazianika jikoni. Kazi zetu zilikuwa zile zile za kila likizo: kutembelea vigango, kufundisha watoto wa komunyo ya kwanza, na kusali jioni na jumuiya ndogo ndogo. Siku ya tatu Padri alituita ofisini akatukabidhi boksi.

"Hii ni ya kusambaza Wi-Fi ofisi nzima," alisema. "Ninyi vijana mtaiweza."

Tulijibu kwamba tutaiweza. Seminarini tuliwahi kumsaidia fundi kuvuta nyaya za chumba cha kompyuta, na mwanafunzi wa falsafa hakosi kujiamini. Jina la parokia hatulitaji, kwa kuwa makosa tutakayoyasimulia ni yetu, si ya wenyeji wetu.

Ofisi yenyewe ni nyumba ya matofali ya kuchoma, imeezekwa bati. Ukiingia kutoka barazani unakuta ukumbi mdogo wa mikutano. Upande mmoja wa ukumbi kuna chumba cha Padri. Upande wa pili kuna korido fupi, na mwisho wa korido kuna chumba cha katibu, mama wa makamo ambaye watu wote humwita Mama Katibu. Ruta ilikuwa imewekwa dirishani kwa Padri, maana hapo ndipo laini ya simu inaposhika vizuri. Aliyekuwa mbali na chumba hicho alitumia bando la simu yake.

Wengi wetu huchanganya ruta na kifaa tulichopewa. Ruta ni kama mlango: inapokea intaneti kutoka nje na kukipa kila kifaa cha ndani anwani yake. Kile kingine, ambacho mafundi hukiita akses pointi, hakileti intaneti. Kinaungwa na ruta kwa kebo, kisha kinarusha mawimbi ya redio mahali ambapo ruta haifiki. Ni kama bomba la pili shambani. Kisima ni kile kile.

Kazi ilituchukua siku moja na nusu. Kebo ya aina hii haipaswi kuzidi mita 100 kutoka kifaa hadi kifaa. Ya kwetu haikufika hata 30. Tuliipitisha darini, mbali na nyaya za umeme ili isiingiliwe. Ndani ya kebo mna nyaya nane, zimesokotwa mbilimbili, na rangi zake lazima zifuate mpangilio mmoja ncha zote mbili. Tulipoipima mara ya kwanza, taa ya waya wa tatu haikuwaka. Tulikata kichwa, tukarudia. Umeme wa kifaa ulipita ndani ya kebo hiyo hiyo, kutoka kiboksi kidogo tulichokiweka karibu na ruta, hivyo hatukuhitaji soketi nyingine ukutani. Tulizima uwezo wa akses pointi wa kugawa anwani, ili kazi hiyo ibaki kwa ruta peke yake. Wagawaji wakiwa wawili, vifaa huishia kugombania anwani moja. Mwisho tukatengeneza majina mawili ya mtandao, moja la ofisi na jingine la wageni, kila moja na neno lake la siri.

Jambo hilo la mwisho tulilifikiria sana. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya ubatizo, ndoa na marehemu, na vitunzwe kwa uangalifu. Humo mna majina ya watu, wazazi wao, na mambo mengine ya maisha yao. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kijana aliyekuja mkutano wa kwaya hana sababu ya kuwa mtandao mmoja na kompyuta yenye taarifa hizo.

Likabaki swali la mahali pa kukifunga. Tulimwuliza Padri, naye akasema tutazame panapofaa. Tukachagua ukuta wa ukumbini, juu ya mlango wa chumba chake. Kebo ilifika kwa urahisi, na kila aliyeingia angekiona kile kifaa cheupe chenye taa ya bluu. Tulisimama katikati ya ukumbi na simu zetu, mistari ikajaa. Tukaingia kwa Padri, ikajaa. Tukasema imekwisha.

Jumapili baada ya Misa Padri alitushukuru mbele ya waamini, na tukapewa nafasi ya kusema machache. Tukasema mengi. Tulieleza kwamba tarehe 12 Februari 1931 Papa Pius XI alizindua Redio Vatikani, iliyojengwa na Guglielmo Marconi mwenyewe. Tukataja hati ya Inter Mirifica ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, kuhusu vyombo vya mawasiliano. Tukasema kwamba leo Kinyala nayo imeingia katika historia hiyo. Watu walipiga makofi. Tulikula ndizi na nyama tukiwa tumeridhika na nafsi zetu.

Baada ya siku tisa tulirudi kutoka kigangoni saa kumi jioni, manyunyu yakianguka. Tulimkuta Mama Katibu barazani, amekaa kwenye kigoda, kompyuta mpakato mapajani, ameifunika kwa kanga isiingie maji.

"Mama, mbona unanyeshewa?"

"Sinyeshewi, wanangu, ni manyunyu tu. Hapa ndipo inaposhika."

"Kwani chumbani haishiki?"

"Inashika kidogo, halafu inakata. Nikituma kitu kinazunguka tu."

"Tangu lini?"

Alisita. "Tangu mlipofunga. Zamani nilikuwa natumia hela ya bando ya ofisi. Sasa tuna Wi-Fi, hela ya bando imeondolewa."

Alikuwa akijaribu kutuma nakala ya cheti cha ubatizo. Kijana aliyebatizwa hapo alikuwa akijiandaa kufunga ndoa Dar es Salaam, na parokia ya huko ilikuwa inakisubiri ili iendelee na matangazo. Cheti chenyewe kingefuata kwa basi. Tangu asubuhi alikuwa amejaribu mara nne.

Tulimwuliza kwa nini hakutuambia. Akacheka kidogo. "Mlikuwa mmefurahi sana, mafrateri. Na Padri alishawashukuru mbele ya watu. Hamna neno."

Usiku ule hatukulala mapema. Mmoja wetu alikuja na dawa ya haraka: kuongeza nguvu ya kurusha mawimbi. Asubuhi tuliingia kwenye mipangilio, tukaipandisha hadi mwisho. Chumbani kwa Mama Katibu mistari ikaongezeka, tukafurahi tena. Akajaribu kutuma cheti. Kikazunguka, kikakwama.

Hapo ndipo tulipoelewa jambo ambalo tungepaswa kulijua tangu mwanzo. Redio Vatikani inarusha, na wewe unasikiliza. Redio yako haihitaji kuijibu Roma. Wi-Fi haiko hivyo. Kila kifurushi cha taarifa kinapofika, anayekipokea hurudisha jibu kwamba amekipata. Jibu lisiporudi, mtumaji anarudia, na akirudia mno anakata tamaa. Kompyuta mpakato na simu zina sauti ndogo kuliko kile kifaa cha ukutani. Tulipoongeza nguvu, tuliongeza sauti ya upande mmoja tu. Mama Katibu alikisikia kifaa vizuri zaidi, kifaa hakikumsikia. Mistari ya kwenye kompyuta yake ilikuwa inaonyesha jinsi anavyosikia, haikuonyesha kama anasikika.

Sababu ilikuwa mbele ya macho yetu. Kati ya ukumbi na dawati lake kulikuwa na kuta mbili za matofali, na ukuta wa pili ulikuwa umeegemewa na kabati la chuma linalotunza vitabu vya ubatizo. Matofali hupunguza mawimbi, lakini bati la chuma huyarudisha yalikotoka. Tena kifaa chenyewe kilitengenezwa kwa ajili ya dari, kitazame chini na kusambaza mawimbi pande zote kama mwavuli. Sisi tulikibandika ukutani, sehemu ya nguvu yake ikaenda kwenye mapaa na kwa Padri, ambaye tayari alikuwa na ruta dirishani.

Darasani tumefundishwa wazo la Mtakatifu Thoma wa Akwino kwamba kitu hupokewa kulingana na hali ya anayekipokea. Tuliliandika kwenye mtihani, tukapata alama. Kinyala tulisahau kumtazama mpokeaji. Tulipima mahali tuliposimama sisi, kwa simu zetu, tukahesabu kwamba ofisi nzima imepimwa. Tulimwuliza Padri pa kukifunga, hatukumwuliza anayeshinda ofisini kuanzia saa mbili asubuhi hadi jioni. Hatukumdharau, hatukumfikiria tu. Tukijipima kwa ukweli, hilo halina nafuu sana. Na kwa kosa letu alipoteza hata kile kidogo alichokuwa nacho.

Lililotuuma zaidi ni lile "hamna neno." Tunaandaliwa kuwa watu ambao wengine watawashukuru mbele ya kusanyiko. Tutakapokosea, wengi hawatatuambia, kwa heshima au kwa kutuhurumia. Watatafuta kigoda, watakaa barazani, watafanya kazi yao huko. Sisi tutaendelea kuiona taa ya bluu na kuamini kwamba mambo yanakwenda.

Siku iliyofuata tulianza upya, safari hii kwa kukaa kitako na Mama Katibu. Tulikuwa na pendekezo tayari: kabati lihamishwe upande wa pili wa chumba. Akakataa. "Huko bati linavuja wakati wa mvua. Vitabu vitaoza." Tungelihamisha, na masika yangekuja sisi tukiwa tumesharudi seminarini. Akatueleza kwamba siku za kazi yuko dawatini, lakini Jumamosi makatekista wa vigango huleta orodha zao na huketi nao kwenye meza ya ukumbini. WAWATA nao hukutana humo humo. Kwa hiyo mtandao ulihitajika pande zote mbili, na kabati lilipaswa kubaki lilipo.

Tulikihamishia kifaa kwenye dari ya korido, karibu na mlango wa chumba chake. Kutoka hapo mawimbi yanaingia kwake kwa mlangoni bila kukutana na kabati, na ukumbini yanafika kwa kupita uwazi wa korido. Kebo ilitosha, kwa sababu tulikuwa tumeacha mzunguko wa ziada darini. Hilo angalau tulilifanya vizuri. Nguvu ya kurusha tuliishusha hadi kiasi cha wastani. Kwa vifaa vya mbali tulitumia masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri kuliko yale ya gigahezi 5 ingawa kasi yake ni ndogo. Kisha tukamwomba akae kwenye kiti chake, kwenye kompyuta yake, na mlango akaufunga kama anavyoufunga wakati wa baridi. Sisi tulisubiri nje.

Cheti kilikwenda. Alitoka mlangoni, akasema, "Ndaga fijo," yaani asanteni sana kwa Kinyakyusa, akarudi kuendelea na kazi. Hakukuwa na hotuba.

Kwa Padri tulikwenda wenyewe kumweleza yote, pamoja na habari ya hela ya bando. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwamba naye hakuuliza. Siku hiyo hiyo alimwita Mama Katibu wakazungumza.

Matundu manne ya skrubu tuliyoyaacha juu ya mlango wake tuliyaziba kwa saruji, tukapaka rangi. Rangi tuliyoipata dukani Tukuyu haikufanana na ile ya zamani, kwa hiyo madoa yanaonekana ukiingia tu. Tulitaka kupaka ukuta mzima kabla ya kuondoka, Padri akasema tuyaache. Kwa hiyo yapo. Frateri atakayetumwa huko likizo ijayo akiyaona, amwulize Mama Katibu. Atamsimulia, huenda akicheka. Kisha amwulize na swali la pili, lile ambalo sisi tulichelewa kuliuliza: wewe, Mama, huwa unakaa wapi?