Anayetuza Ndiye Mwenye Wimbo

Mpiga ganuni haangalii nyuzi sana, huangalia watu. Ndivyo nilivyozoea Unguja, pete za kupigia zikiwa kwenye vidole vya shahada, ganuni mapajani. Na kutoka hapo nimeona kwamba wimbo wa taarab una mtunzi na una mwimbaji, lakini mwenyewe hujulikana usiku ule ule ukumbini.

Hujulikana anapoinuka. Mama aliyetulia tangu bashrafu, muziki wa ufunguzi, anasikia ubeti mmoja, anasimama, anakuja kwa madaha na noti yake, anamtuza mwimbaji. Hasemi kitu. Ukumbi mzima umeshaelewa kuwa fumbo lile kalipokea kuwa lake: mume aliyemwacha, jirani aliyemsengenya, mwana aliyemzika. Huenda mtunzi alikusudia jambo jingine kabisa. Na harusi ya wiki ijayo, mwengine atautuza wimbo huo huo huku anacheka.

Ndivyo ilivyo hata kwa nyimbo kongwe. Mwimbaji Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, katika ukoo wa watumwa, alikwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Aliimba kwa Kiswahili, ilhali taarab ya kasri la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Katika nyimbo zake umo Kijiti, kisa cha mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Mwimbaji Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuendeleza wimbo huo. Tukiupiga leo, hakuna ukumbini aliyemjua marehemu wala muuaji, na bado wanawake huinuka. Kila mmoja ana maiti wake anayemlilia.

Kwa hiyo sisi wapigaji tunadaiwa mambo mawili. La kwanza, kutochezea makamu, yaani mpangilio wa sauti za wimbo. Kama wimbo ni wa makamu ya Hijazi, ubaki Hijazi, kwa kuwa aliyeusikia siku ya harusi yake anaungojea mpando ule ule wa sauti. Tukiupotosha, tunampotezea siku yake.

La pili ni kutokuwa na haraka. Mtu akishaanza kuja, mwimbaji hurudia mshororo, nasi tunarudi naye, mpaka atuze na akae. Studio haina nafasi hiyo. Pale wimbo umepangiwa dakika zake. Ndiyo maana vijana waliojifunza kwa kusikiliza rekodi huniuliza kiitikio kinapigwa mara ngapi. Nawaambia wainue macho. Iwapo kuna mtu bado yuko njiani na noti yake, wapige tena.