Volti 1.6 zilizopotea njiani

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili hivi, na safari hii sababu si uvivu. Nilikuwa Kilifi, kichwa chini ya boneti ya gari la mjomba, nikirekebisha kosa ambalo nusu yake nililifanya mimi mwenyewe nikiwa nimeketi ofisini Nairobi. Leo nitakiri kosa hilo, na papo hapo nitawaeleza jinsi ya kupima kama betri ya gari inachajiwa sawasawa. Si kazi ngumu. Malitimita ya bei nafuu na subira kidogo vinatosha.

Mjomba ana pikapu kuukuu ya Kijapani. Saa tisa za usiku huwa ameshapakia madafu na maembe, anashika njia kwenda soko la Kongowea, Mombasa, mwendo wa kilomita 60 hivi. Gari hilo ndilo linalosomesha wanawe watatu. Lisipowaka, mzigo hauendi, na embe lililoiva halimngoji mtu.

Siku moja akanipigia simu. Stata inazunguka kwa kujiburuta, gari haliwaki. Mimi, mwenye shahada ya tarakilishi, nikamwuliza maswali mawili tu. Betri ina umri gani? Miaka minne. Ukiunganisha nyaya na gari la jirani, je? Linawaka mara moja! "Basi mjomba, betri imekufa. Nunua nyingine." Nikakata simu, nikarudi kwenye kazi yangu nikijiona mtaalamu.

Akanunua betri kwa shilingi 9,500. Baada ya wiki tatu, gari likarudia yale yale. Safari hii hakunipigia. Habari nilizipata kwa mama: kaka yake alikuwa anatafuta mkopo anunue alteneta, kwa kuwa fundi wa umeme alikuwa amesema hiyo ndiyo mbovu, na karo ya binti yake ilikuwa imelipwa nusu tu. "Hakutaka kukusumbua," mama akasema. Afadhali angenilaumu.

Ijumaa usiku nikapanda basi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Umeniletea alteneta?"

"La. Nimeleta hii," nikamwonyesha malitimita. Aliitazama kama mtu aliyeomba samaki akapewa ndoano.

Sisi waandishi wa programu tuna kanuni moja ambayo tunaihubiri kuliko tunavyoifuata: usibadilishe kitu kabla hujajua hitilafu iko wapi. Betri ikiisha nguvu kila mara, kuna maswali matatu. Je, betri yenyewe ni mbovu? Je, kuna kitu kinachonyonya umeme gari likiwa limezimwa? Au gari halirudishi umeme kwenye betri? Nilikuwa nimelijibu la kwanza bila hata kuyauliza mengine mawili.

Tukaanza na betri. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikishapumzika saa kadhaa, husoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2, imebaki nusu hivi. Ile ya mjomba, mpya kabisa, ilisoma 12.0. Tukaipeleka kwa jirani mwenye chaja, ikashinda huko mchana kutwa, kisha tukaichomoa ikalala. Jumapili asubuhi ilisoma 12.6, na ilipopigishwa stata haikuanguka vibaya. Betri ilikuwa nzima, ila ilikuwa inashinda njaa.

Swali la pili ni la kunyonywa usiku. Unazima kila kitu, unatoa ufunguo, unafungua waya wa hasi wa betri, kisha unaiweka malitimita katikati ya waya huo na betri, ukiwa umechagua tundu la ampea 10. Usithubutu kupiga stata malitimita ikiwa hapo, utaiunguza. Nilisoma ampea 0.03. Kwa saa 10 za usiku hiyo ni ampea-saa 0.3, na betri yenyewe ni ya 45. Hapo hapakuwa na mwizi.

Likabaki la tatu. Tukawasha injini na kuikanyaga kidogo. Gari linalochaji vizuri husoma kati ya volti 13.8 na 14.4 hivi kwenye vichwa vya betri. Taa zikiwa zimezimwa nilisoma 13.7. Si vibaya sana. Nikamwambia mjomba awashe taa kubwa na feni ya ndani, kama anavyosafiri alfajiri. Namba ikashuka hadi 12.5. Betri ilikuwa inatoa umeme badala ya kupokea! Fundi naye aliona namba kama hiyo, na ndiyo maana akaihukumu alteneta. Nami nilikaribia kukubaliana naye.

Lakini kazini, mteja akilalamika kwamba data haimfikii, hatukimbilii kubadilisha seva. Kwanza tunaiuliza seva kama imeituma. Kwa hiyo nikapima pale umeme unapozaliwa: waya mwekundu wa malitimita kwenye ile bolti nene ya alteneta, mweusi kwenye bodi ya alteneta yenyewe. Taa zikiwa zinawaka, 14.2. Alteneta ilikuwa inafanya kazi yake bila kosa lolote.

Sasa hapa ndipo nilipomkumbuka Gustav Kirchhoff, Mjerumani ambaye mwaka 1845 alitoa kanuni zake za mikondo ya umeme. Mojawapo inasema kwamba volti zinazotoka kwenye chanzo lazima zihesabike zote njiani, hakuna inayopotea hewani. Alteneta inatoa 14.2, betri inapokea 12.5. Volti 1.7 zimeliwa wapi?

Unaitafuta hivi. Gari likiwa linanguruma na taa zinawaka, unapima upande wa chanya kutoka bolti ya alteneta hadi kichwa cha chanya cha betri. Nilipata 0.1. Safi. Kisha upande wa hasi, kutoka bodi ya alteneta hadi kichwa cha hasi cha betri. Hapo panapaswa kuwa karibu na sifuri. Nilipata 1.6. Jumlisha: 0.1 na 12.5 na 1.6 ni 14.2. Hesabu ikafungwa.

Katika pikapu hii waya wa hasi wa betri unafungwa kwenye bodi ya gari, halafu utepe wa nyaya za shaba zilizosukwa unaunganisha bodi na injini. Mafundi huuita athi. Umeme wote wa alteneta hurudi kupitia hapo. Tuliufuata kwa tochi nyuma ya injini, tukaukuta umekuwa kijani kwa chumvi ya bahari, nyuzi nyingi zimekatika, bolti imekula kutu. Kabla ya kugusa chochote nilichukua waya mnene wa kuwashia magari nikaunganisha injini na kichwa cha hasi cha betri. Namba kwenye betri ikapanda hapo hapo hadi 14.0. Mjomba akacheka kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Utepe mpya ulitugharimu shilingi 400. Tukasugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, tukakaza bolti, tukapaka grisi juu yake.

Sasa nirudi kwenye maswali yangu mawili ya simu. Gari lilipowashwa kwa betri ya jirani liliwaka mara moja, nami nikaona ni ushahidi kwamba betri imekufa. Kumbe yule jirani alibana waya mweusi kwenye chuma cha injini, kama inavyoshauriwa. Umeme ukaruka utepe mbovu na kuifikia stata moja kwa moja! Ushahidi ulikuwa wa kweli, ila mimi niliusoma kinyume. Hata taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi haikuwaka, kwa sababu alteneta ilikuwa nzima. Taa ile haiapi kwamba umeme umefika kwenye betri.

Angalizo mbili kabla sijasahau. Vua pete na saa, na uangalie mikono isikaribie feni na mikanda. Pia usijaribu ile mbinu ya zamani ya kuchomoa betri gari likiwa linanguruma ili kuona kama litazimika. Volti zinaweza kuruka ghafla na kuunguza vifaa vya elektroniki.

Jioni tukinywa chai nikamwambia, "Mjomba, huenda ile betri ya kwanza haikuwa na kosa. Nilikupotosha." Ilikuwa imeshaachwa dukani kama chuma chakavu.

Akakaa kimya kidogo. "Uliniuliza mawili, nikakujibu mawili," akasema. "Siku nyingine niulize yote, hata nikiwa na haraka."

Nilijazia karo iliyobaki. Alikataa mara mbili, ya tatu akapokea kwa sharti kwamba nimwachie malitimita. Nimeiacha, na nimemwandikia zile namba kwenye karatasi ameibandika karibu na usukani. Jana saa kumi na moja alfajiri simu yangu ikalia, yuko Kongowea, mzigo unashushwa. Hakunisalimu hata. "Kumi na nne nukta moja," akasema, akakata.

Basi wapenzi wasomaji, gari likikusumbua, pima kwanza ndipo ununue. Na jamaa yako akikupigia simu kwa sababu eti wewe umesoma, usimjibu haraka. Tuonane tena.