Paa Moja, Majiko Mawili

Machi 2020 hoteli za ufuoni, kuanzia Nyali mpaka Shanzu, zilifunga milango moja baada ya nyingine. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tarehe 25, na mimi niliyekuwa dobi kwenye mojawapo ya hoteli hizo nikarudishwa nyumbani Mtopanga na barua ya likizo isiyo na malipo. Mume wangu alikuwa dereva wa gari la watalii, kwa hiyo riziki yake na yangu zilikatika pamoja. Kafyu ikaanza. Tarehe 8 Aprili Mombasa nzima ikafungwa, haingiliki wala haitokeki, mpaka Julai. Mwenye nyumba alituvumilia kodi ya mwezi wa kwanza. Wa pili alikuwa akibisha hodi alfajiri, saa anayojua hakuna aliyewahi kutoka.

Tulikuwa na kuku wachache wa kienyeji. Jirani mmoja wa bara, aliyewahi kuondoka kabla ya njia kufungwa, alituachia sungura: majike wawili na dume. Pwani sungura si kitoweo cha kila nyumba. Mama mkwe aliuliza kwanza kama ni halali. Mume wangu akamkumbusha hadithi ya Anas bin Malik, sungura aliyekimbizwa akashikwa, akachinjwa, na paja lake likapelekwa kwa Mtume, naye akalipokea. Bibi akanyamaza, ila mpaka leo hagusi.

Nyuma ya nyumba palikuwa na kipande cha ardhi kati ya choo na ukuta wa jirani. Mwenye nyumba alikubali tujenge banda, mradi tusipigilie hata msumari mmoja kwenye ukuta wake. Mume wangu alitaka sungura wakae juu na kuku chini, kama wengi wafanyavyo ili kubana nafasi, kuku wachakure majani yanayodondoka. Ndugu yake ni seremala, naye wakati huo hakuwa na kazi hata ya kutengeneza stuli. Alikuja na futi yake, akapima, akatikisa kichwa. Akanigeukia mimi.

"Shemeji, kuku na sungura ni wake wenza. Paa moja sawa, jiko moja hapana."

Alikuwa na sababu zake, na afisa wa mifugo tuliyemuuliza baadaye alizikubali. Mkojo wa sungura ni mkali. Kuku aliye chini hulowa, maranda yanaoza, harufu inapanda na kuwachoma wote macho na mapafu. Tena sungura anaweza kubeba kijidudu cha pasteurela puani, kwake kikaonekana kama mafua tu, kumbe kikihamia kwa kuku ndicho kinacholeta kipindupindu cha kuku. Koksidia, ambayo watu huiogopa zaidi, haivuki: ya kuku ni ya kuku na ya sungura ni yake. Chakula nacho kina hatari yake. Baadhi ya vyakula vya kuku hutiwa dawa ya kuzuia koksidia, na nyingine kati ya dawa hizo, narasini kwa mfano, ni sumu kwa sungura. Akila pumba ya kuku iliyomwagika, anaweza kukufia bila kujua kimemuua nini.

Kwa hiyo shemeji alijenga hivi. Mgongo wa paa ulielekea mashariki na magharibi, pande ndefu zikatazama kaskazini na kusini. Jua la asubuhi na la jioni likabaki kupiga ncha mbili fupi, na upepo, uwe wa kusi au wa kaskazi, ukawa na njia ya kupita. Halafu akakata banda katikati kwa ukuta wa mbao uliozibwa kabisa toka chini hadi paani, akiusimamisha sambamba na njia ya upepo. Hapa ndipo nilipomvulia kofia. Hewa inaingia upande wa kuku na kutokea upande wa kuku, inaingia kwa sungura na kutokea kwa sungura, vumbi la huku halina safari ya kwenda kule. Milango miwili, ndoo mbili, mafagio mawili. Kuku walipewa ncha ya magharibi, sungura ya mashariki, kwa kuwa jua la alasiri ndilo linaloua.

Paa lilikuwa la makuti, kwanza kwa sababu hatukuwa na pesa ya mabati. Ilikuwa heri. Februari na Machi Mombasa hufika nyuzi 32 na zaidi, na sungura hatoki jasho, joto lake hulitolea masikioni. Chini ya bati lisilo na dari angekaangika. Hata chini ya makuti, mwezi wa pili tulikuwa tukiwalowesha masikio kwa kitambaa, na dume tukampumzisha kabisa, maana joto huharibu mbegu zake.

Matundu ya sungura yaliinuliwa hadi kiunoni juu ya boriti, na kila mguu ukasimama ndani ya kopo la oili chafu. Hilo ni la siafu. Watoto wa sungura huzaliwa uchi na vipofu, macho hufumbuka siku ya kumi hivi, na siafu wakiwafikia usiku hawaachi kitu. Chini ya matundu tulilaza bati kuukuu kwa mteremko, mkojo ukachuruzika kwenye mtungi, na mwenye bustani ya mchicha akaja kuuchukua. Upande wa kuku ulizungushiwa wavu wa tundu dogo, wa nusu inchi, kwa ajili ya panya, nyoka na hasa kunguru wa India, ambao kifaranga akitoka nje mchana wanamwona kabla hujamwona wewe.

Kisha kideri kikapita mtaani. Niliona kuku wa jirani wakipinda shingo, kinyesi cha kijani, na baada ya hapo ikawa zamu yangu. Asubuhi nilifungua mlango nikakuta jogoo amelala ubavu, bawa moja limetandazwa, jicho linanitazama. Chanjo huuzwa kwa kichupa cha kuku wengi, na hatukuwa na hela ya hicho kichupa. Alibaki mtetea mmoja. Nilikaa kizingitini nikalia, na sioni haya kusema.

Lakini kideri hakimpati sungura. Upande wa pili majike wote wawili walikuwa na watoto ndani ya visanduku, wamejinyonyoa manyoya ya tumbo na kuwafunika. Siku moja baada ya kuzaa jike hupandishwa tena akitaka, na mimba ni siku 31 tu. Sisi hatukumharakisha hivyo, lakini hata kwa mwendo wetu wa taratibu wale watoto walipofika miezi minne walilipa kodi. Kuku tulianza upya mwaka uliofuata, na sasa majirani tunachangiana kichupa cha chanjo.

Hoteli iliniita tena, kwa mkataba wa msimu. Nilikwenda, na banda nikamwachia mwanangu wa kwanza. Makuti tumeshayabadilisha. Soko ndilo bado linasuasua. Wateja wangu wengi ni watu wa bara wanaoishi Mikindani na Chaani, na mmoja wao, mwalimu, huagiza wawili kila mwisho wa mwezi. Sharti lake ni wafike wamekatwa vichwa, kwa sababu mkewe akiyaona masikio hali.