Jumamosi ya kujifunza kusema ‘Niache’

Mama huyo wa watoto wawili, mkazi wa Tabata jijini Dar es Salaam, alimpeleka binti yake wa miaka 13 kwenye darasa la kujihami kwa sababu ya daladala. Konda alimshika kiunoni akijifanya anamsaidia kupanda, na mtoto akanyamaza kutoka kituoni hadi nyumbani. Alikuja kusimulia siku tatu baadaye, taa zikiwa zimeshazimwa, na maneno yake ya kwanza yalikuwa: “Mama, usinigombeze.”

Maneno hayo yalimkosesha mama usingizi kuliko hata huyo konda.

Darasa lenyewe ni ukumbi wa shule ya msingi, Jumamosi saa tatu asubuhi, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani. Mwalimu ni mwanamke aliyeanza karate akiwa mdogo, lakini haanzi na teke wala ngumi. Siku ya kwanza aliwapanga wasichana mstari mmoja, akawataka wapaze sauti: “Hapana! Niache!” Mama, aliyekaa kwenye benchi na wazazi wenzake, alimsikia kila mtoto isipokuwa wake. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Alipoambiwa arudie peke yake, aliinamisha kichwa, akasema taratibu, “Naomba uniache.”

Wazazi wakacheka. Mama naye alicheka, halafu akaacha. Hiyo “naomba” ilikuwa ya kwake. Yeye ndiye aliyemfundisha kumwamkia kila mkubwa, kutomkatiza mtu mzima, kuitika “abee” akiitwa, kutomkazia macho anayemzidi umri. Ni malezi mazuri, na hakuna mzazi wa kuyaonea haya. Ila kwa miaka yote 13 hakuwahi kumwambia ni wakati gani adabu hiyo inaruhusiwa kuwekwa pembeni.

Mbinu zilifuata wiki ya pili. Mtu akikushika mkono, usivute kurudi nyuma kama mnagombea kamba, kwa sababu mwenye nguvu zaidi atashinda. Geuza mkono wako kuelekea kidole gumba chake, maana hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu, kisha uchomoe kwa nguvu ya mwili mzima. Ukilazimika kupiga, tumia sehemu ya chini ya kiganja. Mifupa inayobeba vidole ni myembamba, na asiyezoea kupiga ngumi huweza kuivunja kwenye mifupa migumu ya uso. Pua, koo, kinena na ugoko ndizo sehemu za kulenga. Baada ya hapo unakimbia kuelekea kwenye watu na mwanga. Hakuna anayefundishwa kubaki amalize ugomvi, na mwizi akitaka simu, anapewa simu.

Kuna neno moja ambalo mwalimu amelipiga marufuku: “Mwizi!” Kila anayeijua Dar anaelewa sababu. Ukilipaza mtaani, watu watajaa ndani ya dakika moja, na wanaweza kumuua mtu, pengine hata asiye na kosa. Wanafunzi hufundishwa kupiga kelele wakisema, “Niache! Simfahamu mtu huyu!” Hapo hata mpita njia anayedhani ni baba na mwanawe wanakoroweshana huelewa kwamba mtoto yuko hatarini.

Msichana mmoja aliuliza, “Na nikishindwa kusema chochote?” Mwalimu akaketi nao chini. Aliwaeleza kuwa hofu kubwa inaweza kuugandisha mwili, mikono isitii wala sauti isitoke, na mtu hachagui hali hiyo. “Ukiganda, kosa bado ni la aliyekushika,” alisema. Mama akakumbuka ule ukimya wa kwenye daladala. Usiku huo alimwomba binti yake radhi, bila kueleza sana.

Je, madarasa haya yanasaidia? Utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia wanafunzi wa kike karibu 900 katika vyuo vikuu vitatu. Waliopata mafunzo ya saa 12, baada ya mwaka mmoja, takriban 5 kati ya 100 walikuwa wamebakwa. Kwa wasiopata ni karibu 10. Sehemu kubwa ya saa hizo haikuwa ya mateke. Ilihusu kutambua hatari inayotoka kwa mtu unayemfahamu, na kuishinda aibu ya kumkatalia. Huko Korogocho, Nairobi, kuna kikundi cha mabibi wanaojifunza kujihami, wakipiga begi la mazoezi na kupaza sauti. Wenyewe hujiita Shosho Jikinge.

Hapa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Pamoja na takwimu hiyo ya wavulana, ukumbini Tabata hakukuwa na mvulana hata mmoja. Mama mwenyewe ana wa miaka tisa, na hakuwa amefikiria kumleta.

Jambo jingine ambalo mzazi anapaswa kulijua kabla halijamkuta: mtoto aliyebakwa afikishwe hospitali haraka, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72. Namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ni ya bure.

Wiki ya sita ilikuwa na sherehe ya kipaimara nyumbani kwa mama mkwe. Alikuwapo rafiki wa familia ambaye watoto wote humwita anko, mtu wa utani, mwepesi wa kutoa pesa. Mwaka jana ndiye aliyewakopesha ada ya shule. Kama kawaida yake alimwita binti “mchumba wangu”, akamshika mkono kumvutia mapajani. Binti aligeuza mkono kuelekea kidole gumba, akauchomoa, akarudi hatua moja nyuma. “Anko, sitaki. Niache.” Hakupiga kelele, lakini sebule nzima ilisikia.

Shangazi mtu ndiye aliyevunja ukimya. “Wifi, huyu mtoto amekuwa jeuri. Mwambie amwombe mkubwa radhi.”

Macho yote yakamgeukia mama. Mume alikuwa nje kwenye nyama choma. Mama mkwe alikuwa pale pale, na lile deni la ada halijaisha.

“Haombi radhi, wifi,” alisema. “Amesema hataki.”

Anko akacheka, akasema watoto wa siku hizi wana mambo. Familia hiyo iliondoka kabla ya keki.

Ndani ya bajaji baba alikaa kimya hadi walipokaribia nyumbani. Kisha akageuka nyuma, akamuuliza binti yake kwa sauti ya chini, “Anko amekuwa akikufanyia hivyo tangu lini?”

Binti alimtazama mama yake kwanza. “Tangu darasa la nne.”

Baba akamwambia dereva asimame kidogo. Jumatatu asubuhi wote watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi la Dawati la Jinsia na Watoto, polisi, wakisubiri kuitwa.