Saa Ninazouza, Saa Ninazobakiza

Kila muhula una tarehe mbili ambazo sihitaji kuziandika popote: ya kumaliza kulipa ada na ya kuanza mitihani. Ya kwanza hutangulia ya pili, na asiyeivuka ya kwanza hupata taabu kuifikia ya pili. Mama yangu anauza unga wa ulezi na dagaa katika soko la Tororo, mashariki mwa Uganda. Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Mama hulipa sehemu kubwa ya ada, nami hulipa iliyobaki pamoja na chakula na chumba. Mikopo ya serikali kwa wanafunzi wa vyuo, iliyoanza mwaka 2014, imeelekezwa zaidi kwenye masomo ya sayansi. Sisi tunaosomea ualimu wa Kiswahili na Historia tunatafuta njia nyingine.

Njia yangu ni dirisha la kukatia tiketi. Nafanya kazi katika ofisi ya mabasi yaendayo Nairobi, katikati ya jiji la Kampala. Nina zamu tatu kwa wiki: Ijumaa kuanzia saa kumi jioni hadi saa nne usiku, Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana, na Jumapili kuanzia saa saba mchana hadi saa moja jioni, basi la usiku linapoondoka. Jumla ni saa ishirini. Wenzangu wana njia zao. Yupo anayekaanga chapati za rolex karibu na hosteli, yupo anayeendesha boda boda usiku, na wapo wanaokaa kwenye vibanda vya pesa za simu. Darasani tunakaa pamoja na mwalimu anatuona sote kuwa wanafunzi tu, lakini kila mmoja ametoka kazini kwa namna yake.

Niliajiriwa kwa sababu moja: Kiswahili. Wafanyakazi wengine pale wanazungumza Kiganda na Kiingereza vizuri, lakini wasafiri wetu wanatoka kila upande. Mtanzania mmoja aliniomba nimpunguzie "buku tano", na siku ileile kijana wa Nairobi akaomba nimtolee "thao tano". Wote wawili walikuwa wanataka shilingi elfu tano, na wote wawili niliwajibu kwamba bei haipungui. Mama mmoja kutoka Bunia aliitazama foleni akasema, "Batu ni mingi." Katika mtihani wa ngeli sentensi hiyo ingemnyima alama, lakini kila aliyekuwa kwenye foleni alimwelewa, akapishwa, akapata kiti.

Kuna pia suala la saa. Tiketi zetu huchapishwa 19:00, nami humwambia msafiri kuwa basi linaondoka saa moja jioni. Kiswahili na Kiganda vinahesabu saa kwa namna moja, kwa hiyo Mganda hapati shida. Lakini msafiri mmoja kutoka Sudan Kusini, aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiingereza, alishika neno "moja" peke yake. Akafika saa saba mchana na mizigo yake yote, akakaa kwenye benchi saa sita akisubiri. Tangu siku ile, nikishataja saa, humwomba msafiri anionyeshe kwenye saa ya ukutani mishale itakuwa wapi. Hakuna kitabu cha tafsiri kilichonifundisha hilo.

Vilevile nimejifunza kueleza mambo yanayoweza kumkwamisha mtu mpakani. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Mtanzania anayekwenda Nairobi kupitia kwetu hawezi kutegemea mpango huo; anahitaji hati yake ya kusafiria. Ukimweleza vibaya, atagundua akiwa Busia au Malaba usiku wa manane, basi likiwa linawasha injini. Pale ndipo nilipoelewa kuwa neno lililo wazi si pambo la lugha. Ni usiku wa mtu mwingine.

Wazee wengi wa kwetu wanakikumbuka Kiswahili kama lugha ya askari. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa wengi sauti ya lugha hiyo ilibaki imefungamana na bunduki na vizuizi vya barabarani. Nilipomwambia mama kuwa nitakisomea, alinyamaza kwa muda mrefu kabla ya kuuliza nitaajiriwa na nani. Dirishani nimekutana na Kiswahili kingine. Ni lugha ya mtu mwenye mtoto mgongoni anayeuliza choo kiko wapi, ya mfanyabiashara anayeuliza mzigo wake utafika lini, na ya kijana anayekwenda kumzika ndugu yake. Wananiita dada, mama, madamu, na Waganda huniita nnyabo. Sijawahi kuitwa afande.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kazi imenipotezea muda. Katika somo la isimujamii niliandika kazi ya muhula kuhusu rejesta ya kukata tiketi, na mifano yote niliitoa dirishani. Wenzangu walihangaika kutafuta data. Mimi data ilikuwa inapanga foleni.

Hata hivyo, insha nyingi kuhusu wanafunzi wanaofanya kazi huishia hapo, kwenye sifa. Mimi nataka kwenda mbele kidogo, kwa sababu dirisha lina mipaka yake. Dirishani hakuna anayehitaji kishazi tegemezi. Sentensi ni fupi, maswali ni yaleyale, na majibu ni yaleyale. Baada ya miezi minne nilikuwa nimeshasikia karibu kila kitu ambacho dirisha lingeweza kunifundisha. Halikunifundisha kusoma riwaya hadi mwisho, wala kupanga hoja katika kurasa kumi, wala kumweleza mtoto wa kidato cha kwanza kwa nini tunasema "kiti kizuri" lakini "kijana mzuri". Hayo yanataka saa za utulivu, na saa za utulivu ndizo kazi inazozila kwanza.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu kwa namna nyingine. Kila zamu hunilipa shilingi 15,000. Nauli ya matatu, ambazo sisi Kampala huziita teksi, hunitoa 3,000 kwenda na kurudi. Nabaki na 12,000 kwa zamu, yaani 36,000 kwa wiki. Muhula wetu una wiki 17, hivyo napata shilingi 612,000. Ukizigawa kwa saa 340 nilizokaa dirishani, kila saa yangu nimeiuza kwa shilingi 1,800. Tangu nijue bei hiyo, kila ninapoombwa kuongeza zamu sijiulizi tena kama nahitaji pesa. Pesa nazihitaji daima. Najiuliza kama saa hiyo hasa inafaa kuuzwa kwa 1,800. Saa ya Jumapili mchana naweza kuiuza. Saa ya Jumapili usiku, kabla ya kipindi cha fonolojia cha Jumatatu asubuhi, siiuzi hata kwa mara mbili ya bei hiyo.

Hesabu hiyo ilijaribiwa mwishoni mwa mwaka wa pili. Meneja wetu aliniita ofisini baada ya zamu. "Binti," aliniambia, "hapa hakuna anayewamudu wasafiri kama wewe. Achana na mambo ya wikendi. Njoo kila siku, nitakupa laki tano kwa mwezi." Wakati huo mdogo wangu wa kiume alikuwa kidato cha nne, na ada yake ya muhula ilikuwa haijalipwa. Laki tano kila mwezi ingemrudisha shuleni wiki ileile na kumpumzisha mama.

Na mtu asidhani kwamba upande wa pili wa mizani kulikuwa na mshahara mnono unaonisubiri. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni nne kwa mwezi. Walimu wa masomo ya sanaa, ambao hawakupata nyongeza kama hiyo, waligoma mwezi Juni. Mwezi uliofuata, Julai 2022, Baraza la Mawaziri liliamua kuwa Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha ikapandishwa cheo huku mwalimu wake akibaki palepale. Mimi ndiye huyo mwalimu mtarajiwa. Nikipima kwa shilingi peke yake, dirisha na ubao havikuachana mbali.

Nilimpigia mama simu. Nilitarajia aniambie nichukue kazi, na sikuwa na jibu kama angesema hivyo. Alisikiliza, akauliza swali moja: "Huyo mkubwa wako anakutaka kwa sababu gani?" Nikamwambia ni kwa sababu ya Kiswahili changu. "Na umekipata wapi?" Nikamwambia chuoni. Akasema, "Basi hiyo ndiyo mbegu. Mimi huuza ulezi hadi gunia la mwisho, lakini mbegu siuzi, hata siku ya njaa."

Sikutaka kumkatalia meneja kwa maneno ya methali. Nilimpelekea karatasi yenye kalenda ya chuo. Nilimwonyesha wiki za likizo, nikamwambia katika wiki hizo nitakuja kila siku, na wakati wa masomo nitabaki na zamu zangu tatu. Nilimwonyesha pia kwamba likizo yetu ndefu inagusana na miezi ambayo wasafiri ni wengi. Aliitazama ile karatasi, akacheka, akasema ningefaa kuwa karani wa ratiba. Alikubali. Mdogo wangu alirudi shuleni akiwa amechelewa wiki tatu, kwa pesa za likizo ile. Wiki tatu hizo ni gharama ya uamuzi wangu, na ni yeye aliyezilipa, si mimi. Sizifichi ninaposimulia habari hii, kwa sababu mwanafunzi anayefanya kazi mara nyingi hapimi saa zake peke yake. Anapima na za watu wa nyumbani.

Kwa wanafunzi wenzangu, ninayo maneno machache. Kabla ya kuikubali kazi, ondoa nauli na chakula cha kazini, kisha gawa kinachobaki kwa saa utakazokaa huko. Ukishaijua bei ya saa yako, chagua saa za kuuza kabla mwajiri hajakuchagulia. Tafuta pia kazi ambayo inagusa angalau kidogo kile unachokisomea, hata kama malipo yanapungua. Na kazi ikishakufundisha ilichokuwa nacho, ijue kuwa sasa inakulipa pesa tu, uidai ipasavyo.

Kwa wahadhiri wetu, ambao najua wengi wao walisoma katika hali kama zetu, nina ombi la heshima. Si ombi la alama za huruma. Tarehe ya jaribio ikishatajwa mwanzoni mwa muhula, naomba ibaki. Jaribio linapohamishwa kutoka Jumatano hadi Jumamosi kwa tangazo la siku mbili, mwanafunzi asiye na kazi hupoteza usingizi wa asubuhi. Mwenye kazi hulazimika kumtafuta wa kushika zamu yake, kumlipa, na kumwomba radhi meneja ambaye hana habari na majaribio. Muhula uliopita tulikuwa sita katika darasa letu tuliokuja kwenye jaribio la namna hiyo tukiwa tumewalipa watu wa kutushikia zamu. Hakuna aliyelalamika, kwa hiyo huenda hakuna aliyejua.

Muhula ujao nitakwenda mazoezi ya kufundisha kwa wiki nane. Nitakuwa mbele ya darasa kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na mwisho wa wiki nitasahihisha madaftari na kuandaa maazimio ya kazi, kwa hiyo sitakuwa na zamu hata moja. Wiki nane bila dirisha ni shilingi 288,000 zisizoingia. Nimeshaweka akiba 192,000. Zinabaki 96,000, yaani zamu nane, na kalenda inaniambia kuwa kabla ya kuripoti shuleni nina zamu tisa. Hiyo ya tisa siiuzi. Nitaitumia kununua chaki na kuandika somo langu la kwanza.