Skrubu Nne

Mimi sijui kuogelea. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisikia kwamba nyumba tunayoishi hapa Mtwapa ina bwawa la kuogelea, huniuliza kama napiga mbizi kila asubuhi. Sipigi. Mwili wangu ulikuwa haujawahi kuingia kwenye maji yaliyopita magoti.

Nyumba yenyewe si yetu. Mwenyewe yuko Ujerumani. Aliijenga ili awe anakuja likizo, kisha magoti yakamkatalia safari. Alipotupangisha alitupunguzia kodi kwa sharti moja: bwawa lisiharibike. Mume wangu akasema bwawa ni maji tu, kuna shida gani? Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikapiga hesabu ya kodi, nikaona tumepata. Hesabu ya maji sikuipiga.

Nyumba tuliikuta na fundi wake, mzee wa Kikambala aliyekuwa akija kila Jumanne kwa baiskeli. Anaondoa majani, anasugua kuta kwa brashi yenye mpini mrefu, anachota dawa ya unga kwa mkebe wa Kimbo, anainama kunusa maji, anaondoka. Sikuwahi kumwona na kipimo. Mimi dirishani nasema moyoni: huyu anabahatisha tu. Januari, karo zilipotubana, nikamwambia apumzike kidogo. Nilimwambia kwa heshima, lakini nilimwambia. Kisha nikanunua ndoo ya vidonge vya klorini, vile vikubwa vinavyowekwa kwenye kikombe kinachoelea, nikaona kazi imekwisha.

Aprili masika yakaanza. Kwanza maji yalipoteza mng'aro. Siku ya tatu ngazi ya pili haikuonekana. Siku ya tano yalikuwa na rangi ya supu ya mchicha. Nikaongeza vidonge. Yakazidi kuwa kijani.

Jumamosi ya wiki hiyo dadangu alikuja na mwanawe wa miaka 4. Tukakaa jikoni tukikuna nazi na kupiga soga. Mtoto alikuwa pale mlangoni na mpira wake. Mara tukasikia kimya. Wenye watoto wanajua kimya ninachokisema. Tulipotoka, mpira ulikuwa unaelea katikati ya bwawa.

Dadangu aliita jina lake mara moja tu, kisha sauti ikamkauka. Yeye pia hajui kuogelea. Mume wangu alikuwa kazini. Mimi nikachukua ule mpini wa brashi nikaanza kuuchovya majini, upande wa kina, nikitafuta kwa mpini kitu ambacho sikutaka kukipata. Kila ulipogusa ukuta moyo wangu ulisimama. Maji yalikuwa na kina cha mita 2 tu upande ule, urefu wa mlango, lakini yangeweza kuwa bahari. Sikuona chochote chini ya kiganja kimoja.

Sijui zilikuwa dakika ngapi. Dadangu husema kumi. Jirani ndiye aliyetuita langoni: kijana alikuwa amelala fofofo kwenye kiti cha nyuma cha tuktuk yake, viatu mkononi. Mpira aliutupa majini kisha akaenda zake.

Dadangu hakunilaumu. Alimbeba mwanawe akaondoka kabla ya wali kuiva, na kwa wiki tatu hakuja.

Jumatatu nilikwenda Mombasa nikanunua kisanduku cha kupimia maji. Ndani mna mirija midogo na chupa za matone. Unachota maji kwa kina cha kiwiko, si ya juu juu, unadondosha matone, unalinganisha rangi. Mrija mmoja hugeuka manjano na kukuonyesha klorini. Inayotakiwa ni kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita. Wa pili hutoka manjano hadi wekundu na kukuonyesha pH. Inayotakiwa ni kati ya 7.2 na 7.8. pH yangu ilikuwa 6.8, maji yameelekea uasidi. Lakini klorini ilikuwa 2. Sawasawa kabisa, kwa mujibu wa karatasi. Nikatazama mrija, nikatazama bwawa la mchicha. Mmoja wao alikuwa anadanganya.

Nikameza aibu nikapiga simu Kikambala.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Maji yamekushinda?"

Nikamweleza. Akacheka kidogo, si kwa ubaya. "Hayo yameshiba dawa. Vidonge vile vina chumvi yake. Jua likipiga maji yapanda, yenyewe yabaki. Kila kidonge yaongezeka, mpaka klorini yalala, haifanyi kazi. Wenye vidonge mimi huwamwagia nusu ya bwawa kila mwaka, kabla ya mvua. Unga hauna mambo hayo."

Chumvi aliyoisema ina jina: asidi ya sayanuriki. Kazi yake ni kuikinga klorini isiliwe na jua, na kidogo ni kizuri, 30 hadi 50. Lakini kila unapoongeza klorini 10 kwa vidonge vile, unaongeza asidi hiyo karibu 6, na haitoki isipokuwa kwa kumwaga maji. Ikizidi sana, klorini unaiona kwenye mrija lakini imeshikwa mkono. Haiui mwani kwa kasi inayotakiwa. Kipimo chake ni cha namna yake. Unachanganya maji na dawa, yanakuwa kama maziwa, halafu unayamimina polepole kwenye mrija ulio na nukta nyeusi chini. Pale nukta inapopotea machoni, ndipo unaposoma namba. Yangu ilipotea mapema mno, juu ya 100. Nilikaa kibarazani na mrija ule mkononi, nikikodolea mahali nukta ilipokuwa, nikamkumbuka mtoto.

Mzee alikuja Jumanne kwa baiskeli ileile. Nilitaka kumwaga yote tuanze upya. Akakataa. Wakati wa masika maji ya ardhini huwa juu, na bwawa tupu linaweza kuinuliwa na maji hayo mpaka likapasuka. Tutoe nusu tu.

Sasa nikapiga hesabu ambayo ningeipiga tangu mwanzo. Mita 8 kwa 4, kina cha wastani 1.5: mita 48 za ujazo, yaani lita 48,000. Nusu yake ni lita 24,000, mitungi 1,200 ya lita 20. Kwetu mfereji hutoka siku mbili kwa wiki, na mwenye kukosa hununua kwa mkokoteni. Kumwaga yote hayo kwenye mtaro ilinikaa vibaya. Tukafungua lango, Mzee akasimama na mpira wa maji akitangaza kama muadhini: ya chooni na ya kudeki, si ya kupikia, si ya kuoga, hata mboga msinyweshee! Mpaka magharibi akina mama walikuwa bado wanachota. Waliniuliza kwa nini tumekaa na maji mengi hivyo bila kuyatumia. Sikuwa na jibu zuri. Bado sina.

Tulijazia maji ya kisima, na mvua ikatusaidia. pH ikapanda yenyewe hadi 7.6. Ikabaki kuua mwani. Nikatoa daftari: kupandisha klorini kwa 1 katika lita 48,000 kunahitaji gramu 48 za klorini tupu. Unga una asilimia 65, kwa hiyo gramu 74. Tunataka kufika 10, basi gramu 740. Nilipoinua kichwa, Mzee alikuwa ameshachota mkebe wa Kimbo mmoja na nusu. Nikauchukua nikaupima kwa mizani ya jikoni. Gramu 755.

"Nimekosea?" akauliza.

"La, Mzee. Mimi ndiye niliyekosea."

Alinifundisha mengine ambayo hayamo kwenye karatasi. Unga huwekwa kwenye ndoo ya maji, si unga kumwagiwa maji. Unga na vidonge visikutane kamwe, hata kwa kijiko kimoja, vinaweza kulipuka. Dawa hutiwa jioni, jua lisiile. Pampu ilale ikizunguka. Harufu kali ya klorini si dalili ya usafi. Mara nyingi ni klorini iliyochoka kwa jasho na mkojo. Na filta ya mchanga geiji yake ikipanda, maji yasukumwe kinyume mpaka kioo kiwe cheupe.

Siku ya nne tuliona chini.

Sasa Mzee huja Jumanne moja kwa mwezi, na namlipa. Siku nyingine napima mwenyewe. Tumejenga uzio wa mbao wenye lango linalojifunga, maana maji safi hayamzuii mtoto kuzama. Yanakuonyesha tu alipo. Dadangu ameanza kuja tena, ingawa hukaa upande unaotazama lango. Nami Jumapili huingia upande wa kina kifupi, nikashika ukingo na kurusha miguu. Mpwa wangu huniambia, "Mamkubwa, unapiga maji kama bata." Sawa tu. Bata hazami.

Chini kabisa, upande wa kina, kuna kifuniko cha bomba la kutolea maji, kimefungwa kwa skrubu nne. Kila asubuhi, kabla sijabandika chai, nasimama ukingoni nikazihesabu. Zikiwa nne, lango laweza kufunguliwa. Nikiziona tatu, siku hiyo haogelei mtu.