Besi ya Marehemu Baba

Marehemu baba yangu aliimba besi katika kwaya ya parokia yetu. Kabla hajafariki nilimrekodi kwa simu akiimba na wenzake. Mwaka jana nikanunua visikizio vidogo vya kutia masikioni ili nimsikilize. Lo! Sauti ya kwanza yalia kwa ukali, lakini baba hasikiki. Nikaongeza sauti, hata masikio yakanivuma usiku kucha.

Nikadhani kosa ni la simu. Nikahamishia wimbo katika kompyuta ya ofisi. Sauti ikawa kubwa zaidi, na nyuma yake mlio kama mvua ya mbali, besi hakuna.

Ndipo nikakumbuka kifuko kilichokuja na visikizio. Mlikuwamo vipira vya ukubwa mbalimbali, na vingine vya sponji. Vile nilivyokuwa nikitumia vilikuwa vidogo, havikuziba sikio. Na penye mwanya sauti nene ndiyo hupotea kwanza. Nikatia cha kati kulia na kikubwa kushoto, maana masikio yangu hayalingani. Baba huyo! Vya sponji navyo, nilipovifinya na kungoja vitanuke, vilipunguza ule ukali.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujaongeza sauti, badili kipira. Shirika la Afya Duniani lashauri tusizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Vipira huuzwa; duka la masikio sijaliona.